Nesi wa Kitanda cha Dirishani

Mahajanga, 14 Agosti 1983

Kaka yangu mpenzi Saindou,

Assalam alaikum, na salamu nyingi kutoka upande huu wa bahari. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi Zaharia na watoto, na kwamba kile kifua hakikusumbui tena. Mimi sijambo, Alhamdulillah. Nakuandikia Kiswahili ili wanao nao waisome, maana Kikomoro chetu najua wamekwisha kukiacha. Wifi asinicheke, Kiswahili hiki nimekiokota chuoni na kwenye barua zako.

Uliuliza hali ya mama. Ulisema moyo wako umetulia kwa kuwa yuko hospitali ninayofanyia kazi, na mwenye binti nesi hawezi kukosa kitu. Ngoja nikueleze.

Mama alitoka kisiwani Nosy Be na kidonda cha mguu na homa kali. Tulimlaza kitanda cha dirishani, maana alitaka upepo. Homa ikamchukua mbali. Kwake yeye wodi ilikuwa boti, na kila asubuhi aliniuliza kwa adabu kama tumekaribia bandari ya Ankify. Wagonjwa wenzake aliwaona abiria. Akamhurumia yule wa kitanda cha pili kwa jinsi mawimbi yalivyomsumbua. Pazia likipepea, alisema anasikia harufu ya maua ya ilang-ilang ya kwetu. Wallahi kaka, kuna saa na mimi niliisikia, na sakafu ikayumba chini ya viatu vyangu.

Kumbe mama hakuwa akila. Daktari akasema asipopata nguvu, dawa peke yake hazitamrudisha, tujiandae kwa lolote. Tulishangaa, maana jirani yangu alikuwa akileta uji kila siku na kuuacha kando ya kitanda, na jioni bakuli lilikuwa tupu. Bwana Attoumane, mkuu wa wauguzi wa wodi, akatuita. Unajua desturi ya huku: nesi huchoma sindano na kufunga vidonda, mhudumu huosha na kufagia, na kumlisha mgonjwa ni kazi ya jamaa yake anayelala mkekani kando ya kitanda. Mariama, mhudumu wetu, akasema hakumlisha mama kwa sababu ana binti humu humu, na kujiingiza kungekuwa kukosa adabu. Mimi nikasema nilikuwa kazini, nimevaa koti jeupe la kazi, nikadhani Mariama anamlisha. Attoumane naye alikuwa amewarudisha nyumbani jamaa zetu waliokuja na mikeka, akiamini mimi natosha. Aliyekuwa akinenepa ni paka wa wodi. Nilimkasirikia Mariama, nikamkasirikia Attoumane, kisha nikaishiwa watu wa kuwakasirikia.

Siku hiyo nikachukua kijiko mwenyewe. Mama akafunga mdomo. Nikambembeleza, akageukia dirishani. Nilimsihi, kwa kuwa nilikwisha kuuona mkono wake ulivyokonda. Hapo ndipo aliponishukuru kwa upole, akaniita nesi, akaniomba nimwitie binti yake Hachimia. Alisema yuko hapo hapo Mahajanga, ana kazi nyingi, lakini akiambiwa atakuja, na huyo ndiye atakayemlisha.

Kaka, siku zote zile mama hakunijua. Nilikuwa namshika kila asubuhi, na yeye alikuwa ananingoja.

Nikamkabidhi Attoumane sindano za mama, nikaomba ruhusa. Nilikwenda nyumbani, nikaoga, nikajifunga ile nguo ya salovana ya manjano aliyoniletea mama mwaka juzi, nikarudi saa ya kutazama wagonjwa, nikaingia kwa mlango wa mbele pamoja na wageni. Mama aliniona tangu mbali. Alisema nimechelewa. Akanywa uji wote, nami machozi yakawa yananidondoka bakulini.

Sasa nalala mkekani kwake. Homa imeshuka, kidonda kimeanza kukauka, na daktari hasemi tena yale maneno yake. Kuna saa mama anajua ni hospitali, kuna saa bado tuko majini.

Jana aliniuliza habari za yule nesi wa koti jeupe, mbona haonekani. Akasema mikono yake baridi, lakini ana huruma, nami niwe na heshima kwake. Kisha akakata mkate wake wa mchele, akanipa nusu nimpelekee. Maana, alisema, msichana yule anashinda kazini, na hana mama hapa wa kumwuliza kama amekula.

Niliupokea. Nikaenda nyuma ya wodi, nikaula wote.

Wasalimie wote kwa majina yao, na wabusu watoto kwa niaba yangu. Mama anakusalimu na kukuombea dua. Nesi naye anakusalimu.

Mdogo wako akupendaye,
Hachimia