Kigezo cha Yohana

Temeke, Jumatano jioni

Mungu anisamehe, kwa maana leo nimemwaibisha Yohana, fundi wetu bora, mbele ya wenzake.

Alikuwa ametengeneza kigezo cha ubao, apate kuchora viungo vya milango bila kupima kila mlango upya. Mafundi wakamcheka: "Yohana kachoka kupima, kauachia ubao kazi!" Nami, msimamizi wao, niliyefundishwa misheni kupima mara tatu, nikakivunja kwa nyundo.

"Mzee, ungepima kwanza milango yangu," akasema kwa upole. Kisha akafungasha vyombo vyake vyote, akaondoka. Fundi akibeba vyombo vyake vyote, kwa kawaida harudi.

Walipotoka wote nilipima. Milango yake sita haikupishana hata unywele.

Tangu mke wangu afariki, hakuna anayeniambia nimekosea. Nahofu nimewafunza mafundi kunyamaza, na karakana isiyojaribu jambo jipya...

Alfajiri nitakwenda kwake Buguruni kumwomba radhi. Akikubali, atengeneze kigezo kingine mbele ya wote, nami nitamshikia ubao. Akikataa, sitawalaumu waliomcheka. Walicheka kwa kuwa walijua itanipendeza.