Maganda Niliyoyaanika Dirishani

Ijumaa, 7 Machi
Mahindi tena. Sampuli sita, zote na ukungu. Macho yanauma.
Jioni kaja Ssali, muuza chakula cha mifugo wa soko la Owino. Kaleta maganda ya muhogo mchungu, mabichi. Hauzi gunia hata moja mpaka nimpe cheti. Mtu wa haki, ila maneno mengi. Nimeyatandaza kwenye trei dirishani, nikafunga maabara.

Jumatatu, 10 Machi
Maganda yamekauka vizuri. Nimeyasaga, nimeyatia chupani na karatasi ya njano. Ikigeuka nyekundu, sumu ipo.

Jumanne, 11 Machi
Njano ileile. Nikaandika kwenye cheti "salama", nikatia sahihi. Ssali kaikunja karatasi ya cheti, kaitia mfuko wa shati. "Webale nnyo, asante sana, mwanangu."

Alhamisi, 13 Machi
Nguruwe wote wa Afande Okello wamekufa. Mwanajeshi mstaafu, pensheni yake yote ilikuwa kwenye lile banda. Walikula maganda ya Ssali.
Afande kamfuata Owino na koleo. Kampiga mgongo, kampiga mdomo. Watu badala ya kuamua ugomvi wakaongeza mateke. Jirani wa kibanda cha Ssali ndiye kanisimulia. Ssali alikuwa ameinua karatasi yangu juu, analia kwamba chakula kimepimwa. Wakauvunja mkono huohuo.


Ijumaa, 14 Machi
Afande kaingia maabara na gunia la maganda yaliyobaki. Kabwaga kichwa cha nguruwe juu ya meza yangu, damu ikachuruzika mpaka kwenye daftari. "Pima. Mimi nakaa hapa."
Nikachota maganda mabichi chini ya gunia, moja kwa moja chupani. Kufika saa tisa karatasi ilikuwa nyekundu kama tofali.
Nikaiona trei dirishani. Mahindi huwa tunayaanika kabla ya kupima. Muhogo hauanikwi. Sumu yake ni hewa, jua linaitoa yote. Nilifundishwa chuoni. Mikono ilifuata mazoea, mjinga mimi.
Bosi kaninong'oneza niseme Ssali alileta sampuli ya uongo. Nilikuwa naogopa sana. Afande akainuka, akasema huyo mzee akitoka hospitali ya Mulago anammaliza.
Nikamwambia ni mimi.
Hakuniuliza kitu. Kanishika shingo, kanigonga uso mezani, pale penye damu ya nguruwe. Mara tatu. Meno mawili yametoka. Sikujitetea.

Jumapili, 16 Machi
Nimekwenda Mulago na uji kwenye chupa ya chai. Ssali ana plasta mpaka begani. Kafurahi kuniona, maskini. Kanipa ile karatasi, imekauka damu, nimtunzie mpaka apone aipeleke polisi. Kasema mimi ndiye shahidi wake.
Kisha kauliza nani kanivimbisha hivi.
Nimemweleza. Jua, trei, yote.
Kanyoosha mkono mzima, anadai karatasi yake, yenye sahihi yangu.
Nimempa. Uji kauacha.