Gurudumu Chini ya Gunia

Shikamoo Baba,

Nimeitamka kwa sauti hapa uani, nikasubiri marahaba kama mjinga. Wiki ya sita tangu tukuzike, na Mama bado anasonga ugali wa watu wawili. Mvua imenyesha Newala, kisima chetu cha uani kimejaa. Ndicho kilichonifanya nikuandikie.

Unaikumbuka Pasaka ile. Uliwaonyesha majirani gurudumu la baiskeli ulilolifunga makopo: maji yakimwagika yalizungushe, nalo lipandishe maji mengine kutoka kisimani, bila mtu, bila mafuta. "Likishaanza halisimami," ulisema. "Mama Neema atapumzika kuvuta ndoo." Nami, mwalimu wa fizikia kutoka Masasi, nikacheka mbele ya wote. Nikasema sheria za nishati hazina msamaha: hakuna mashine inayotoa zaidi ya inachopewa, na sehemu ya hicho hupotelea kwenye joto la msuguano. Ukaniuliza taratibu, "Hata mara moja, mwanangu? Dunia nzima?" Nikajibu, hata mara moja. Ukalifunika gunia. Nilidhani umenuna, na kwa kiburi changu sikuuliza tena.

Jana nimelifunua. Baba, ulilitia pedali. Makopo umeyatoa, umepitisha kamba yenye vipande vya ndala vya kupandisha maji ndani ya bomba mpaka kisimani. Mama anasema ulilimaliza zamani, ila ulikataa litumike. "Neema akija atalikagua kwanza," ulimwambia kila likizo. Nilikuja likizo zote, nikashinda na simu yangu, na Mama akaendelea kuvuta ndoo kwa kamba.

Kumbe ulinielewa. Ulikubali kwamba lazima mtu atoe nguvu, ukakaa kuisubiri kauli yangu moja tu. Naona aibu, Baba. Inaniuma sana.

Nimelikagua. Ni zuri. Nilikanyaga pedali huku nalia, maji yakaja, Mama akakinga ndoo. Nilipoacha, gurudumu lilizunguka kidogo, likasimama. Nilikaa kulitazama muda mrefu, mwalimu mzima, nikiomba sheria ikosee mara moja tu.

Haikukosea. Basi pumzika, Baba. Kila Jumamosi nitapanda basi la kuja huku, na nitakanyaga mpaka pipa la Mama lijae.

Mwanao,
Neema