Kisanduku cha Sauti Kilipogoma Kuamka

Papa Kitenge,

Ni miye Mapendo, mwanafunzi wako wa redio. Tangu tukuzike imepita miezi saba. Kiti chako cha biro, humu ofisini, nimekikalia, lakini mgongo bado haujakizoea. Leo nakuandikia kwa sababu mashine imenifundisha kitu, na hapa Kalemie simwoni muntu wa kumhadithia akafurahi kama wewe.

Ni kile kisanduku cheusi chenye disiki mbili, tulimohifadhi sauti za wazee wakisema Kiholoholo. Jumatatu asubuhi kiliomba programu mpya ya ndani. Nikakubali. Programu ilikuwa katikati ya kujiandika, umeme ukakatika. Batri ya akiba, ile uliyoniambia niibadilishe, haikushika hata dakika moja.

Umeme uliporudi, taa ya mbele ilipepesa rangi ya machungwa tu. Kwenye kompyuta kisanduku hakikuonekana. Papa, niliketi sakafuni. Sauti zile hazikuwa na nakala popote.

Asubuhi hiyohiyo Mama Veronika akaja. Mama yake mzazi, uliyemrekodi, naye ametutoka, na wajukuu wanataka kumsikia. Nikamweleza. Akaniangalia.

"Njo kusema, yaani, mama yangu amepotea mara ya pili?"

Ndipo nikakumbuka neno lako: "Usiipige mashine, iulize." Nikachomoa disiki zote, nikaziandika moja na mbili kwa kalamu, nikaziweka mbali juu ya kabati. Kisha nikaanza kuuliza. Kama kisanduku kimekufa, mbona taa ya kebo ya mtandao bado inacheza? Mle ndani nani anazungumza? Swali hilo lilinishika hata nikasahau kuogopa.

Nikakiunganisha moja kwa moja na kompyuta, nikabonyeza kitufe cha nyuma kwa ncha ya sindano huku nikikiwasha. Kikajibu! Kumbe ndani mna programu ndogo ya msingi ambayo mabadiliko hayaigusi. Kazi yake ni kungoja tu, mpaka muntu alete programu nzima. Ulilijua hilo, Papa, au na wewe ungeshangaa?

Nikapakua upya faili ya programu ile, nikahakikisha imefika yote. Safari hii niliazima jenereta ya fundi cherehani jirani, ndipo nikatuma faili kisandukuni. Sikuinuka hata kunywa maji. Taa ikageuka kijani. Nikakizima, nikarudisha disiki, kila moja mahali pake. Sauti zote zimo.

Mama Veronika alisikiliza amefumba macho. Mama yake anataja majina ya samaki kwa Kiholoholo, nawe unayarudia moja-moja. Ghafla anakukatiza: "Ee Papa, hapo hukutaja samaki, umetukana!" Tulicheka mpaka machozi yakatutoka, yakaendelea kutoka hata kicheko kilipokwisha. Kisa hicho hukuniambia kamwe. Ulitukana nini? Mama Veronika anajua, anakataa kunieleza.

Batri mpya imefungwa. Nakala moja iko kwa Mama Veronika, nyingine itapelekwa Kongolo kwa dada yako. Nami nakuahidi nitajifunza Kiholoholo, neno kwa neno, mpaka nilifikie lile tusi lako.

Pumzika vema, Papa. Siku nitakapolielewa, nitakuja kaburini kwako nikucheke, kwa heshima yote.

Mapendo