Nani Anachukua Kurasa Zangu

Jumatatu, 5 Mei

Pambizo tena. Safu tatu, zote zimelalia upande mmoja. Mchana Bi Mwanaidi, mwenzangu hapa duka la uchapaji, kanifundisha ukurasa mama: unaweka kitu pale mara moja, kinatokea kwenye kurasa zote. Nikaweka namba, mstari wa kijani, na Bismillahi kwa Kiarabu juu kabisa, kama madrasa walivyoagiza. Kufumba na kufumbua, jarida zima limevaa. Nilifurahi kama mtoto. Halafu nikakumbuka alichosema tajiri wetu, Bwana Akbar: jarida hili likiisha, kwenye kompyuta anabaki mmoja. Mimi au Bi Mwanaidi. Sasa kwa nini ananifundisha?

Jumatano, 7 Mei

Kutwa nzima kuchapa kurasa za majaribio. Picha ya ustadhi imekatwa kilemba. Habari ya mashindano ya Kurani imepanda juu ya tangazo la duka la khanga. Mbovu zote nikazikunjakunja, ndooni, juu ya maganda ya machungwa. Nimerudi kutoka kuswali adhuhuri: maganda yapo, karatasi hazipo. Dukani alikuwamo Bi Mwanaidi peke yake.

Alhamisi, 8 Mei

Nimemtega. Nimeharibu ukurasa makusudi, nikautupa, nikatoka kununua vitumbua. Kurudi, haupo.

Basi ni yeye. Anayakusanya makosa yangu, ayapange mezani kwa tajiri: mtazame huyu wa kutoka Msata, anavyokumalizia karatasi. Jioni kaniuliza kama nimekula. Mnafiki! Nimemchukia, na sioni haya kuandika.

Ijumaa, 9 Mei

Leo kanionyesha kuunganisha fremu, habari itiririke kutoka ukurasa hadi ukurasa. Anafundisha vizuri, hilo simnyimi. Ndiyo maana namwogopa.

Mtandio wake unanuka moshi. Hata huo moshi nao nimeanza kuutilia shaka.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekwenda kwa tajiri. Nikamwambia wazi: Bi Mwanaidi anaiba kurasa zangu. Bwana Akbar akavua miwani. "Anaiba vya ndooni? Nenda uani, binti, kaangalie mwenyewe."

Nikaenda. Bi Mwanaidi kachuchumaa kwenye pembe ya ukuta iliyo mbali na choo, mbele yake debe la samli lililotobolewa. Anazinyoosha kurasa zangu moja moja, anazipangusa maganda kwa ncha ya mtandio, anazitia moto. Juu ya kila ukurasa, Bismillahi. Niliiweka mwenyewe Jumatatu, na tangu siku hiyo sikuiona tena. Macho yangu yalikuwa kwenye safu na pambizo tu. Mimi, niliyechapwa chuoni kwa kuweka juzuu ya Kurani sakafuni, nimelitupa jina la Mungu kwenye taka wiki nzima.

Akageuka, akaniona. "Karatasi yenye jina la Mungu haitupwi, huchomwa. Nilijua hujaiona, mwanangu. Nikasema nikikwambia mbele za wateja nitakuaibisha."

Na mimi nilikuwa nimetoka kumwaibisha yeye. Sikumwambia.

Jumatatu, 12 Mei

Bismillahi nimeihamishia kwenye tabaka lake peke yake. Nikichapa majaribio nalizima, haitoki. Siku ya kuchapa jarida lenyewe nitaliwasha. Bi Mwanaidi kasema hilo alikuwa halijui. Alifurahi, na furaha yake ndiyo iliyoniumiza.

Alhamisi, 15 Mei

Jarida limekwisha. Anayebaki kwenye kompyuta ni Bi Mwanaidi. Mimi nimepelekwa nyuma, kukunja kurasa na kuzibana pini. Pengine ni kwa sababu ya kazi yake. Pengine ni maneno yangu ya Jumamosi. Bwana Akbar hasemi, na mimi sina uso wa kumuuliza.

Ijumaa, 16 Mei

Nimekunja tangu asubuhi. Nakala moja ilitoka na wino umevuja, nikaiweka kando, mbali na ndoo. Baada ya swala nikakaa na Bi Mwanaidi, nikamwambia nilichompelekea tajiri. Chote. Akatazama mikono yake. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nikasema bado.