Yule Anayecheka Kwenye Mkanda wa Bama

Kaka yangu Okoth,

Keshokutwa, Jumamosi, gari la sinema linakuja Nkende. Chacha, dereva wa gari hilo, ambaye pia ndiye anayeendesha mashine, amenitumia habari kwamba mikanda ya zamani itaonyeshwa kwa mara ya mwisho. Imechoka, inakatika kila mara, na wakubwa wake wameagiza irudishwe ikachomwe moto. Mmoja wa mikanda hiyo ni ule wa askari wetu waliopigana na Wajapani kule Bama. Wewe umo ndani yake. Ndivyo mama anavyoamini, ndivyo ukoo mzima unavyoamini, na aliyewaambia hivyo ni mimi.

Baba mkubwa aliposikia kwamba mkanda unaondoka alikuja kwetu Jumapili baada ya ibada, akakataa hata uji. Alinitazama kwa yale macho yake ya kikao.

"Wewe Owino ndiye unayejua picha," alisema. "Jumamosi utatazama kwa mara ya mwisho, halafu utasimama mbele yetu useme. Ukisema ni yeye, habari ya kaburi hatutaizungumza tena mpaka tufe. Ukisema siye, Alhamisi inayofuata tunazika yago."

Unalijua yago, lile tunda refu na zito la mwegea. Mtu wetu akifia mbali na mwili usirudi, tunda hilo ndilo linalolala kaburini mahali pake, likaliliwa kama mtu. Ulikuwepo tulipomzikia mjomba aliyezama ziwani, na wewe ndiye uliyenikanya nisicheke. Sasa imekuwa zamu ya kuamua kama tulizike kwa ajili yako, na neno lenyewe wameliweka mdomoni mwangu. Sina pa kulipeleka ila kwako.

Niseme kwanza nilivyofika hapa, maana hukuona nilivyogeuka. Unakumbuka sinema yetu ya kwanza, pale shuleni misheni, kabla ya vita? Mbele palikuwa pamejaa mpaka watu walikaa juu ya ukuta, ukanivuta mkono tukaenda kukaa nyuma ya shuka lililotundikwa kwa ajili ya picha. Ilikuwa picha ya mtu mnene aliyekuwa akifukuza kofia yake kwenye upepo, nayo kofia kila akiinama inakwenda hatua moja mbele. Hakukuwa na sauti, ni mlio wa mashine tu na vicheko vya watu. Kwa sababu tulikaa upande wa nyuma, kila mtu kwenye picha alikula, aliandika na kupigana kwa mkono wa kushoto. Mwaka mzima niliamini kwamba Wazungu wote ni wa mashoto. Wewe ulijua sababu tangu siku ile, ukaniacha niwahubirie wenzangu darasani.

Ulipokwenda jeshini ugonjwa ule wa sinema ukanibakia mimi peke yangu. Vita vilipokwisha na gari la sinema likaanza kupita huku, nililifuata kwa miguu mpaka Nyarero, siku nyingine mpaka Kemambo, hadi Chacha akachoka kuniona akaniuliza kama najua Kiswahili cha kueleweka. Nikawa mfasiri wake. Nasimama kando ya shuka na kipaza sauti, natafsiri kwa Kiswahili, nachomeka Kijaluo, na Kikurya changu kibovu ambacho huwachekesha watu kuliko picha zenyewe. Tumefika hadi Mugumu na Nata, ambako wazee walinisikiliza kwa heshima kubwa bila kuelewa hata neno moja.

Watu hupenda picha mpya, zenye rangi na muziki. Mimi napenda zile kuukuu, zilizokwaruzika mpaka unadhani mvua inanyesha hata ndani ya nyumba. Kuna moja ya fundi cherehani anayeshona suruali yenye mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, halafu badala ya kuitengeneza anakwenda kumtafuta mteja wa kuitosha, mji mzima, anawapima watu miguu kwa siri. Kuna nyingine ya nyumba nzima inayovutwa barabarani na farasi ishirini, na mama mmoja dirishani anaendelea kukaanga mayai. Hakuna anayeeleza wanaihamishia wapi. Mwanzo wake umekatika, mwisho wake umepotea, nasi tuna ile barabara tu na yale mayai. Nimeitazama mara nyingi kuliko nilivyosoma zaburi.

"Mura, kijana wewe, unapendea nini hizi takataka?" Chacha huniuliza. "Watu wanataka ile ya pikipiki."

Nampa majibu ya juu juu. Ukweli ni kwamba katika picha zile hakuna anayesema, kwa hiyo mimi ndiye niliyewapa wote maneno. Mama wa mayai nilimpa sauti ya shangazi yetu. Fundi cherehani humwapia mteja wake kwa Kijaluo. Nilizoea hivyo, kaka, kuwasemea watu wasioweza kunikanusha, na mazoea hayo ndiyo yaliyoniponza.

Miaka mitano iliyopita ukoo ulikuwa umekwisha kukata shauri. Vita viliisha zamani, wenzako wote waliorudi walirudi, na barua yako ya mwisho ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo. Yago lilikuwa limekwisha kukatwa, liko nyuma ya nyumba ya mama limefunikwa kwa majani ya mgomba. Mazishi yalikuwa Alhamisi. Jumanne ile jioni gari likaja na mkanda ambao sikuwa nimeuona, habari za vita: askari wetu wa huku Afrika Mashariki wanapita kwenye matope, Bama, wamebeba mizigo kichwani. Nikawa natafsiri kama kawaida. Halafu mmoja akaacha mstari, akaja moja kwa moja kuelekea kamera mpaka uso ukajaa shuka lote, akacheka, akatoweka.

Kipaji chako kile cha uso. Nyusi zako. Ule mwendo wako wa kutanguliza bega kama mtu anayesukuma mlango. Nilisahau kazi yangu, nikapiga kelele kwenye kipaza sauti: "Huyu ni Okoth! Huyu ni Okoth wa kwetu!" Wanasema ilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Mama alisimama akaanza kuita jina lako kuelekea shuka. Watu wakamshangilia, Wakurya kwa Wajaluo, wengine wakalia. Chacha alilazimika kuurudisha mkanda mara tatu.

Asubuhi baba mkubwa alilitazama lile tunda, akalitazama kaburi lililoanza kuchimbwa, akasema, "Mtu anayetembea hazikwi." Wakalifukia shimo. Yago walilitupa mbali, kwenye kichaka. Nami niliyejua kwamba picha ile ilipigwa wakati wa vita, kwamba mtu anaweza kutembea kwenye shuka miaka kumi baada ya kuanguka, sikusema kitu. Nilisema moyoni, waache wafurahi. Nami nilikuwa nafurahi.

Sasa sikiliza nililokuficha. Mwaka uliofuata mkanda ule ulikatika tukiwa Nyarero, mchana, tunajiandaa. Chacha alikuwa amenifundisha kuunganisha, akaniachia. Nikaushika juani, nikaitafuta ile sehemu yako, picha baada ya picha, kila moja ndogo kuliko ukucha. Karani mmoja wa pale alikuwa na kioo cha kukuza maandishi. Nilikiazima nikakutazama.

Yule mtu ana meno ya chini. Yote.

Nilihesabu mara nne. Meno sita ya chini, kaka, yale ambayo mimi na wewe hatuna, kama wazee wetu wote. Wewe uling'olewa mwaka mmoja kabla yangu, na siku yangu ilipofika ndiwe uliyenishika kichwa, ukaniambia nitazame mawingu nihesabu mbuzi. Meno hayaoti tena mtu akivaa sare. Yule ni kijana wa watu wengine, labda ana mama yake huko aliko anayemngoja, na mimi nilimpa jina lako kama nilivyompa mama wa mayai sauti ya shangazi.

Niliunganisha mkanda. Jioni ile nilisimama na kipaza sauti, na alipotokea yule anayecheka nilisema, kama nilivyozoea, "Okoth wa kwetu." Watu wakapiga makofi. Kwenye shuka uso ule hukaa muda wa kupumua mara moja, na umekwaruzika vibaya, hakuna awezaye kuona meno. Macho ya mama yana ukungu. Chacha hajui. Kwa miaka minne mtu pekee aliyejua ni mimi, na kila sinema ilipoletwa huku nilisema uongo ule ule kwa sauti ya kufika ng'ambo ya bonde.

Ningeendelea. Nakuambia ukweli, ningeendelea hadi mkanda uchomwe, halafu ningesema ushahidi umekwisha. Kilichonikatia usingizi ni Akinyi, mke wako.

Nyumba yako imeoza paa. Unajua desturi: mume akiwa hai, hata akiwa wapi, mwanamume mwingine hathubutu kupanda juu ya nyumba yake na nyasi mkononi. Na kwa kuwa mimi nimekutangaza u hai, hakuna aliyepanda. Mvua za mwaka huu zimemtoa chumbani, analala jikoni na binti yako, wamebanana na mafiga. Binti amekuwa mrefu, ana bega lako. Wiki iliyopita Akinyi alinikuta njiani nikitoka kisimani akatua mtungi.

"Shemeji, wewe ndiye unayejua picha," alisema. "Sitaki la wazee. Nataka lako. Nisubiri?"

Nikasema, "Subiri."

Akanishukuru. Akajitwika mtungi akaenda. Mimi nilibaki pale barabarani nikitazama miguu yangu kama mtu aliyekanyaga kinyesi. Mwanamke yule si mke wala si mjane, kaka, na aliyemfanya hivyo si vita, ni mimi.

Lakini ukidhani basi kusema ni rahisi, tazama upande wa pili. Nikisema siye, tutazika, na baada ya kuzika wazee watatafuta wa kuisimamia nyumba yako na kumrithi Akinyi, na mdogo wako wa pekee ni mimi. Watu hawana dogo. Watasema, alimwona ndugu yake alipopenda kumwona, akaacha kumwona alipomtaka mkewe. Hata Akinyi anaweza kuliwaza hilo. Nimeshaamua kwamba hilo silitaki, nitamwambia baba mkubwa mbele ya wote kwamba nitapandisha nyasi tu, na mtu wa nyumba ile Akinyi atamchagua mwenyewe. Wataamini? Sijui. Usiku najibishana nao wote, mmoja mmoja, na ninashindwa.

Halafu kuna mama. Jana nimemkuta anaosha kile kiti chake cha miguu mitatu, anakisugua kwa mchanga. Anataka nikibebe nikakiweke mbele kabisa, karibu na shuka, maana safari iliyopita alikuona kama kivuli. "Mwambie yule Mkurya aipitishe polepole, wuoda, mwanangu," aliniambia. "Nikimwona vizuri mara hii moja, inatosha." Nilijibu nitamwambia. Mashine haina polepole, mama. Ikisimama taa inaunguza mkanda pale pale usoni. Sikumweleza.

Na jambo linalonitisha kuliko yote ni hili: meno ya mtu mwingine hayasemi kwamba umekufa. Yanasema tu kwamba hatujakuona. Naweza kulitupia udongo tunda lile, mama akanyoa nywele, Akinyi akalia kilio chako, na wewe ukawa uko mahali fulani unakunywa chai, mzee wa watu, una sababu zako. Mtu aliyekwisha kuzikwa hurudije kwao? Nimemuuliza baba mkubwa kwa kuzungukazunguka, akaniambia nisiulize ya kijinga.

Sasa nakuambia nilivyoamua, na nimeandika haraka nisije nikageuka. Sitangoja Jumamosi. Sitamwacha mama abebewe kiti hadi mbele ya watu wote, akuite tena, ndipo nisimame nimwambie. Kesho asubuhi, akiwa amemaliza kukamua, nitakaa naye chini nimwambie kuhusu kile kioo cha Nyarero. Kutoka hapo nitakwenda kwa Akinyi. Baba mkubwa atakuwa wa mwisho. Jumamosi nitakwenda kazini kama kawaida, na atakapotokea yule anayecheka, nitanyamaza. Kama mama atataka bado kumtazama, nitamkalisha mbele amtazame mtoto wa mwenzake.

Hujui nilivyozipenda picha hizi, na sasa siwezi kuitazama hata moja bila kuwaza nani yuko nyumbani anamngoja yule wa dirishani, yule wa cherehani. Hilo nalo nimejiletea.

Nimekuambia wewe kabla ya wote kwa sababu ni wewe ninayekwenda kukuua. Kama huko uliko ni kaburini, nisamehe kwa kukunyima kilio miaka mitano. Na kama u hai, Okoth, popote pale, na mke mwingine au bila mke, na aibu yoyote ile uliyonayo, ondoka sasa hivi na usilale njiani. Alhamisi tunakuzika, na jembe nitashika mimi.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Owino