Kikoyi cha Natasha

Eucabeth, natoka kwa fundi wa magauni ya gomesi sasa hivi.

Wifi yangu Natasha amemwambia fundi mbele ya watu, "Huyu Nangila usimwekee kikoyi cha ndani cha kujaza makalio, yake yanatosha." Yanatosha. Watu wakacheka.

Unajua nilipokuwa najichukia nilikuwa nalala tu na kula chapati. Tangu nianze kuupenda huu mwili, natembea mpaka Nkoma kila asubuhi na kilo sita zimetoka. Leo anataka nijichukie tena.

Nikamwambia fundi polepole, "Kikoyi changu mpe Natasha. Akifunga viwili, labda ataonekana ana umbo." Fundi alicheka mpaka makasi yakamponyoka.

Kesho natembea kama kawaida, ila nabadilisha njia nipite mlangoni kwake. Kila siku.